Msiruke Yatokanayo

Kwa vijana wa klabu yetu ya huduma kwa jamii,

Shikamoo zenu za Alhamisi nilizipokea, marahaba. Nilikaa kiti cha nyuma karibu na dirisha, nikanywa chai yenu, nikaondoka na neno kooni. Sikulisema palepale kwa sababu mzee akisimama katikati ya kikao cha vijana mjadala huishia hapo, wote mnatikisa vichwa na hakuna anayebisha tena. Barua mnaweza kuibishia.

Katibu alisoma muhtasari vizuri, sauti inasikika hadi nyuma. Mwenyekiti akauliza, "Yatokanayo?" yaani mambo ya kikao kilichopita yamefikia wapi. Kimya. "Hakuna. Tuendelee." Hata sekunde kumi hazikufika. Baada ya hapo mlikaa karibu saa nzima mkipanga mapya: miti, taulo za kike, kuchangia damu, na rangi ya fulana. Fulana peke yake ilikula robo saa. (Bluu zote mbili mlizoshindania, mimi niliona moja.)

Lakini katika muhtasari uleule uliosomwa mlikuwa na miche 200 mliyopanda Machi pale shule ya msingi. Hakuna aliyeuliza ni mingapi iko hai.

Nalisema hili kwa kuwa nililifanya mimi kabla yenu. Nilipokuwa katibu wa klabu, tulichimba kisima katika kijiji kimoja cha tambarare, tukafunga pampu ya mkono. Utepe ukakatwa, picha zikapigwa, pilau ikaliwa. Nikarudi nikaandika kwa mkono wangu: "Mradi umekamilika." Kikao kilichofuata, yatokanayo, hakuna, tuendelee.

Mwaka na kitu baadaye nilipita kijiji hicho kwenye msiba. Nikaenda kuona kisima chetu. Kwenye mpini wa pampu alikuwa amefungwa mbuzi, kamba imekwishachubua rangi, na pale sakafuni penye jina la klabu yetu palikuwa pamejaa samadi. Mama mmoja alinieleza kwamba pampu iliacha kuvuta maji tangu masika. Fundi wa baiskeli wa hapo kijijini aliangalia akasema ni raba ya ndani imeisha, kitu cha kuenea kiganjani, ila hakuwa na spana ya kufungulia. Vijana wangu, spana ile ilikuwa stoo kwetu mjini, ndani ya boksi ililokuja nalo. Tuliondoka nayo.

Yule mama hakunilaumu. Aliuliza tu, "Sasa kaka, tungewapata wapi?" Hatukuwa tumeacha hata namba ya simu.

Siku hizi msingizie nini? RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, ipo tangu 2019, na vijijini kuna vyombo vya watumia maji vinavyokusanya fedha za matengenezo. Mkitaka kugusa maji, anzieni huko na kwenye serikali ya kijiji, kabla hamjamtafuta mchimbaji. Nanyi mkakae na wanaochota. Sisi hatukukaa nao.

Utaratibu wetu wa kukutana kila wiki, na kengele, na faini za kuchelewa, wazee waliotutangulia waliuiga kwa Rotary, klabu ya huduma kwa jamii, ile iliyoanzia Chicago tarehe 23 Februari 1905, watu wanne tu. Walikuwa wakikutana kwa zamu katika ofisi za wanachama, na jina lao likatokana na mzunguko huo. Mwaka 1907 wakajitosa katika kazi yao ya kwanza kwa mji. Mnajua ilikuwa nini? Vyoo vya umma. Choo hakina picha nzuri.

Ila ninachowasifia zaidi ni polio. Mwaka 1979 waliingia Ufilipino kusaidia kuchanja watoto, 1985 wakaitangaza kuwa vita yao dunia nzima, na hawakuiondoa mezani. Afrika ilitangazwa kuwa huru dhidi ya kirusi cha asili cha polio tarehe 25 Agosti 2020. Hesabuni wenyewe miaka hiyo. Halafu Februari 2022 Malawi, jirani zetu hapo, wakatangaza mgonjwa, kirusi chenye asili ya Pakistani, na matone yakarudi kugawiwa nyumba kwa nyumba hadi huku kwetu. Hao Rotary wangekuwa wameandika "umekamilika" nao wakaenda kuchagua fulana, ingekuwaje?

Sasa haya yenu. Kiangazi kimeanza. Mmoja wenu aende shuleni wiki hii akahesabu miche, na aongee na mlinzi, si mwalimu mkuu peke yake. Mlinzi ndiye anayejua mbuzi wanapitia wapi.

Damu: daftari la waliochangia Februari mnalo. Mwanamume anaweza kuchangia tena baada ya miezi mitatu, mwanamke minne, kwa hiyo wengi wao muda umefika. Mnataka kukodi spika na kuita watu wapya stendi, na hawa waliokwisha kuizoea sindano hakuna aliyewapigia simu, hata ya kuwashukuru.

Taulo za kike sina la kusema sana, dada zenu kwenye klabu wanajua kuliko mimi. Kaulizeni tu kama choo cha wasichana pale shuleni kina mlango na maji. Kama hakina, rudini kwa wale wazee wa Chicago.

Jambo langu lenyewe ni dogo: yatokanayo ipewe nusu saa, na miradi mipya ibaki na salio. Kila mradi wa mwaka jana uwe na jina la mtu anayesimama na kusema alichokiona kwa macho yake. Asiyekwenda, faini. Mkiona nusu saa ni nyingi, njooni mnibishie.

Spana tuliipeleka hatimaye, na raba tatu za akiba. Nimesikia tena mpini unalegea. Nakwenda Jumamosi asubuhi. Nahitaji vijana wawili wenye mikono ya kazi, nauli juu yangu. Mnipigie kabla ya Ijumaa jioni, nikalale mapema.

Ni mimi mzee wenu,
katibu wa zamani