Mjomba wako hana deni lako

Mwanangu mpenzi,

Nakuandikia badala ya kukuita tukae, maana tukikaa utasema "najua, mama" kabla sijafika hata katikati. Barua utaimaliza, hata kama ni kwa kununa. Ni kuhusu mjomba wako, na huo mkono wako wa kushoto.

Habari ya mkono umeisikia vipande vipande, na kila anayeisimulia ana yake. Wako wanaosema mjomba alikuwa amelala. Hakuwa amelala. Ulikuwa na miaka 3, mimi niko kazini, yeye kabaki nawe. Birika la maji yaliyochemka lilikuwa mezani, hodi ikapigwa, akaenda kufungua mlango. Wewe ukavuta kitambaa cha meza. Basi, ni hivyo tu. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu, na maji ya namna ile hayangoji mtu ageuke.

Wasimulizi wote huishia hapo, na mimi ndipo ninapotaka kuanzia. Alikuvua shati palepale, akauweka mkono wako chini ya bomba, maji ya kawaida yakitiririka, akakushikilia hapo dakika 20 huku ukipiga mayowe na kumng'ata. Jirani mmoja alileta dawa ya meno, mwingine mafuta, wa tatu barafu. Alivikataa vyote, na watu wakamwona mkaidi. Kumbe alikuwa sahihi: mafuta hushikilia joto, na barafu huzidi kuiumiza ngozi iliyokwisha kuungua. Daktari aliyekupokea alituambia maji yale ya bomba ndiyo yaliyozuia kidonda kisiende chini zaidi.

Halafu yakaja mazoezi. Haya hujasimuliwa na yeyote.

Kovu la moto, mwanangu, halitulii upesi. Linaweza kuchukua mwaka, hata miwili, likikomaa, na muda wote huo linajivuta na kukaza. Likiwa juu ya kiungo kama kiwiko chako, hukivuta nacho kikabaki kimekunjwa. Kwa hiyo tulielekezwa kulikanda kovu na kuunyoosha mkono kila siku, utake usitake. Mimi sikuweza. Nikikusikia unalia, mikono yangu inalegea. Mjomba wako akasema, "Niachie mimi." Akaja asubuhi kabla ya kazi, akaja jioni baada ya kazi. Ananyoosha, anahesabu hadi kumi kwa sauti, anaachia, anaanza tena.

Ukaanza kumkimbia. Ukisikia sauti yake mlangoni, uko chini ya kitanda. Watu wakasema mtoto anamkumbuka aliyemuunguza, naye akayaamini maneno hayo. Mimi nilikuwapo, na nakwambia ulikuwa unayakimbia mazoezi. Mkono ulipopona akajiondoa taratibu. Akija kwenye shughuli za familia, anakaa upande ambao wewe hupo. Zawadi zako alizituma kwa mikono ya watu. Nilimsihi weee, hakusikia. Wewe mwenyewe mambo ya umri ule huyakumbuki, kama wengi wetu tusivyokumbuka ya miaka 3, ila ile tabia ya kumkwepa ulibaki nayo bila kujua imetoka wapi.

Mpaka mnyororo wa baiskeli ulipokukatikia, ukaenda kwake. Hukutumwa na mtu. Sijawahi kukuuliza kwa nini ulimchagua yeye, na sitakuuliza. Tangu hapo kila Jumamosi unarudi na grisi kwenye kucha, unanieleza mambo nisiyoyaelewa: rimu ikielemea kushoto unakaza spoku za upande wa kulia, tena kidogo kidogo, robo mzunguko tu, usije ukaipinda zaidi. Naitikia tu. Ninachotazama ni mkono wa kushoto unaponionyesha, ulivyonyooka sawasawa na mwenzake.

Sasa jambo lenyewe. Mjomba wako hajui kukukatalia, nawe uliligundua hilo mapema kuliko mimi. Taa ya baiskeli, ukanunuliwa. Simu, nusura ununuliwe, nikaingilia. Ukitaka kuchelewa kurudi, yeye ndiye anayenipigia kukuombea ruhusa! Sikulaumu sana, kijana gani asingefanya hivyo? Lakini ile "sawa" yake ya haraka haitoki kwako. Inatoka kwenye kovu. Anakulipa, na mtu anayelipa deni hawezi kuwa rafiki yako, hata mkikaa pamoja Jumamosi zote za dunia.

Na tafadhali, usiende kumwambia umemsamehe. Najua umelifikiria, nilikusikia ukimuuliza bibi. Utamsamehe nini? Ukilisema neno hilo utakuwa umethibitisha kwamba kosa lilikuwapo, naye ataondoka nalo. Ukitaka kumpa kitu, muulize habari za mazoezi. Mwambie akuonyeshe alivyokuwa akiushika mkono. Hajawahi kuyataja kwa mtu yeyote, na ile ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizokufanyia.

Juzi ulirudi umevimba, eti mjomba amegeuka, amekuwa kama mimi, kakataa kukuachia baiskeli kwa sababu raba za breki zimekwisha. Nilikuitikia kwa sura ya huzuni. Moyoni nilikuwa nashangilia, maana hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akikwambia hapana. Usimbembeleze abadili. Ukibembeleza atabadili, unamjua.

Hela ya raba mpya iko kwenye droo ya juu. Nunua, nenda nazo Jumamosi, uzifunge mwenyewe yeye akikagua. Na chenji nirudishie.

Mama yako