Mwanangu, wapikie tu hao wachoraji wako

Mwanangu mpenzi,

Sauti uliyonirushia nimeisikiliza mara 2, ile unasema jumamosi walikuja watu 9 kwako, wachoraji na yule kijana wa mashairi, ukawapikia pilau mpaka mchele ukaisha. Mwezi uliopita nilikujibu kwa ukali, nikasema umeenda Marseille kusoma sio kugawa chakula bure. Neno lile naliondoa mama, limenikaa kifuani.

Nimesoma habari za mmarekani mmoja anaitwa Sara Murphy, baba yake tajiri wa wino wa kuchapia huko Cincinnati, yeye na mumewe Gerald walihamia Ufaransa 1921 na watoto wao 3. Kiangazi cha 1923 wakamuomba mwenye hoteli pale Antibes, pwani ya kusini ya Ufaransa, asifunge, maana enzi hizo wageni walienda pwani ile wakati wa baridi, joto likija hoteli zinafungwa, afu Gerald kila siku yuko ufukweni na reki anatoa mwani mpaka mchanga uonekane. Picasso, yule mchoraji maarufu, akaja na familia yake, akamchora Sara, na Sara anakaa juani lulu zake kaziachia mgongoni, eti jua linazifaa.

Mwaka huohuo walimfanyia sherehe Stravinsky, mtunzi wa muziki, kwenye boti Paris, juu ya mto Seine. Ilikuwa jumapili, soko la maua limefungwa, basi Sara akanunua midoli ya watoto akaipanga mezani badala ya maua! Picasso kuiona tu akaivuruga yote akaijenga rundo moja, juu kabisa kasimamisha ng'ombe kwenye ngazi ya gari la zimamoto. Hapo nilicheka nikakukumbuka wewe na vile vikombe vyako visivyofanana.

Ila lililonigusa ni la baadae. 1929 mtoto wao mdogo Patrick akakutwa na kifua kikuu, wakaacha nyumba yao nzuri wakampeleka milimani Uswisi, na krismasi ile rafiki zao waandishi, Hemingway, Dos Passos na Dorothy Parker, wakawafuata hukohuko kwenye baridi, wakakaa na mgonjwa. Baoth, kaka yake, akafa 1935 kwa homa ya uti wa mgongo, Patrick naye akafuata 1937, wote hawajafika hata miaka 17. Nilifunga kitabu nikalia mwanangu. Nilimkumbuka baba yako, wale walionikalia hapa Tanga mpaka arobaini ikapita, karibu wote ni watu waliowahi kula jikoni kwangu.

Kuna dada anasafiri alhamisi, nimempa iliki, karafuu na bizari ya pilau, ya kutosha. Na huyo kijana wa mashairi uliyesema anakohoa tangu mwezi uliopita, mchemshie tangawizi, ila usiishie hapo, mpeleke hospitali wewe mwenyewe akapimwe kifua, asiende peke yake.

Mama yako