Kiti mwendo hakipandi mawe ya Igogo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu misaada inayotolewa kwa familia zinazolea watoto wenye ulemavu hapa Mwanza. Mimi ni fundi seremala, mkazi wa Igogo, na ni baba wa mtoto wa miaka sita mwenye mtindio wa ubongo. Alipozaliwa alichelewa kulia, na hadi leo shingo yake haijakaza vizuri wala hawezi kukaa bila kuegemezwa, ingawa anatambua sauti ya kila anayeingia uani kwetu na hucheka kabla hajasalimiwa.

Mwaka jana familia kadhaa tuliitwa kwenye hafla, tukakabidhiwa viti mwendo, tukapigwa picha. Nashukuru, na sisemi haya kwa dharau, kwani aliyetoa alitoa kwa moyo. Lakini kiti tulichopewa kilikuwa cha mtu mzima. Mtoto asiyeweza kujishikilia akiwekwa katika kiti kipana huteleza na kuinamia upande mmoja, na akizoeshwa kukaa hivyo kwa miezi mingi mgongo wake hupinda. Akilishwa katika mkao huo, chakula humpalia na huweza kuingia mapafuni. Tena wanaoifahamu Igogo wanajua jinsi nyumba zetu zilivyong'ang'ania mlimani katikati ya mawe, na njia ya kufika kwangu ni ngazi na mitaro, hivyo kiti chenyewe nilikipandisha nimekibeba kichwani. Sasa hivi tunakianikia nguo.

Kiti anachotumia nilikitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya plaiwudi, baada ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo kunielekeza vipimo: nyonga zifike hadi kwenye egemeo, magoti yakunjike sawasawa, nyayo zikanyage ubao wa chini, kuwe na kizuizi kati ya mapaja ili asiteleze wala miguu isipishane, na meza ndogo mbele yake ya kuwekea mikono. Kazi hiyo ilinichukua siku mbili. Kila baada ya miezi michache nalegeza skrubu na kushusha ubao wa miguu, maana mtoto anakua na mbao hazikui. Nusu saa ya maelekezo ya mtaalamu yule imetufaa kuliko kitu chochote tulichowahi kukabidhiwa mbele ya kamera.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Misuli ya mtoto wa namna hii hukakamaa asiponyooshwa, na mazoezi yenyewe hufanywa nyumbani kila siku, mara nyingi na mama, lakini lazima awepo mtu wa kumwonyesha, kumkosoa na kubadilisha mazoezi kadiri mtoto anavyobadilika. Kumfikia mtu huyo ndiyo kazi. Siku ya kliniki mke wangu humfunga mgongoni mtoto wa kilo 17, hushuka naye mlima hadi barabarani, kisha hutafuta daladala ambayo konda wake hatanuna. Akiikosa, hukodi bajaji, na fedha ya uji wa wiki ikaishia hapo. Alikuwa akiuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Aliacha, kwa sababu wateja wa alfajiri hawamsubiri mtu aliyekwenda kliniki.

Nasi tuko ndani ya jiji. Mzazi wa Ukara huanza na kivuko cha Bwisya hadi Bugolora, akashika barabara hadi Nansio, ndipo apande meli ya kuja Mwanza, na akifika huku lazima awe na mwenyeji wa kumlaza. Daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limewapunguzia adha wenzetu wa Sengerema. Wa visiwani bado wanahesabu saa za meli.

Liko pia suala la umri. Sera ya afya inamtibu bure mtoto aliye chini ya miaka mitano. Wetu alipoitimiza, msamaha ukakoma ingawa mtindio wa ubongo haukomi, tukaanza safari za ofisi ya ustawi wa jamii kuuomba upya. Upande wa takwimu, Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu. Walio chini ya umri huo hawamo katika asilimia hiyo. Ni miaka hiyohiyo ya mwanzo ambayo mazoezi humsaidia mtoto zaidi.

Ninapendekeza kwa Halmashauri ya Jiji la Mwanza, ya Manispaa ya Ilemela na ya Wilaya ya Ukerewe kwamba itengwe siku moja ya kila wiki ambayo mtaalamu wa mazoezi atakwenda kwenye kituo cha afya kilicho karibu na wazazi, badala ya wazazi wote kumfuata hospitali kubwa. Hahitaji mashine huko aendako. Anahitaji mkeka, mito michache na nauli yake, ambayo ni moja, ilhali za kwetu ni nyingi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inazitambua kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya mtaa na kijiji, na hizo ndizo zingepaswa kujua ni nyumba ipi ina mtoto aliyelala ndani. (Majirani wanaosema mtoto amerogwa sitawapotezea wino.)

Kuhusu viti, mafundi seremala tupo kila kata. Vipimo vya kiti cha mwanangu nitampa bure fundi yeyote atakayevihitaji, na nitamwonyesha nilipokosea. Kile cha msaada nacho bado ni kizima kabisa. Kama yuko mtu mzima anayeishi tambarare na hana kiti, mwenyekiti wa mtaa anajua nyumba yangu, aje akichukue.

Mzazi,
Igogo, Mwanza