Tymshare haikufa usingizini

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu mwandishi wenu wa teknolojia. Katika makala yake kuhusu biashara ya kukodi kompyuta za mbali, hii ambayo siku hizi inaitwa wingu, alidai mambo mawili. Kwanza, kwamba ni uvumbuzi wa karne hii. Pili, kwamba kampuni zilizojaribu zamani zililala mpaka intaneti ikazikuta kitandani. La kwanza nalisamehe. La pili siwezi kulinyamazia, maana linawasingizia marehemu, na hapa namaanisha hasa Tymshare, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikikodisha kompyuta kwa njia ya simu.

Mimi si mhandisi. Ni mhasibu mstaafu, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukagua ankara za kompyuta kabla mkurugenzi hajatia saini. Ankara ya wingu ina mistari mingi ya kutisha, lakini ukiichambua vizuri mingi inarudi kwenye vitu vitatu: muda uliotumia huduma, kazi ambayo prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, imekufanyia, na nafasi ya kuhifadhi data zako. Hivyo hivyo vitatu ndivyo wateja wa Marekani walivyokuwa wakitozwa katika miaka ya 1960.

Mwaka 1961, katika chuo cha teknolojia cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha kuwa kompyuta moja inaweza kuwahudumia watu kadhaa kwa zamu fupi mno, kila mmoja akajiona yuko nayo peke yake. Mwaka huohuo mtaalamu wa kompyuta John McCarthy akatabiri kwamba ipo siku umma utauziwa huduma ya kompyuta kama unavyouziwa simu. Mwaka 1964 watu wawili waliotoka General Electric, Tom O'Rourke na Dave Schmidt, wakaanzisha Tymshare huko California.

Walitumia mashine iitwayo SDS 940, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kumbukumbu yake, hata ukiijaza mpaka mwisho, haikufika robo ya megabaiti, na humo waligawana makumi ya wateja wanaolipa. Mfumo uliotoka chuoni haukuwa tayari kwa biashara. Aliyeusuka upya mpaka ukafaa kuuzwa ni mwanamke, Ann Hardy, ambaye kabla ya hapo alikuwa IBM. Jina lake hulioni katika makala za siku hizi, na hilo nalo ningependa mwandishi wenu alitazame.

Mteja alikaa ofisini kwake na mashine ya teletaipu, aina ya taipureta iliyounganishwa na simu, akapiga simu, akaunganishwa. Teletaipu ya wakati ule, Model 33, ilichapa herufi 10 kwa sekunde, zote kubwa. Ukurasa wa herufi 2,000 ulichukua zaidi ya dakika tatu, na muda wote huo mita ya ankara inasoma. Na bado watu walilipa kwa furaha, kwa sababu njia nyingine ilikuwa kununua kompyuta nzima, au kupeleka kadi zako za matundu, zilizobeba data kwa kutobolewa, na kusubiri majibu kesho.

Sasa njooni kwenye simu, maana hapa ndipo mwandishi wenu angeona kama hawa watu walikuwa macho au la. Mteja wa mji wa mbali alilipa simu ya masafa marefu kwa saa nzima aliyokaa kwenye mashine. Gharama hiyo ilikuwa inafukuza biashara. LaRoy Tymes na Norm Hardy wakaja na wazo la kuweka kompyuta ndogo katika miji mbalimbali. Mteja apige simu ya mjini kwake, kisha kompyuta ile ikusanye herufi za watu wengi na kuzipitisha pamoja kwenye laini moja iliyokodiwa. Mtandao huo, Tymnet, ulianza kazi mwaka 1971. Mwaka 1972 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ikaunganisha kompyuta yake humo, ili madaktari watafute makala kutoka mbali. Kwa hiyo Tymshare ikawa na bidhaa mbili, muda wa kompyuta na njia ya kuifikia, na nadhani hata wenyewe hawakujua mapema ni ipi ingeishi muda mrefu.

Basi Tymshare iliuawa na nini? Mhasibu yeyote angeanzia kwenye gharama zisizobadilika. Kompyuta kubwa ni kama basi: dereva analipwa hata viti vikiwa vitupu. Mchana wateja walijazana, usiku mashine zikakaa bure, na bei ya mchana ilibidi ibebe usiku. Bei hiyo ilivumilika kwa sharti moja tu, kwamba kompyuta ni kitu ambacho ofisi ya kawaida haiwezi kununua. Kisha zikaja kompyuta ndogo za mtu mmoja: mwaka 1975 ikatoka Altair, mwaka 1977 Apple II. Kampuni za kompyuta kubwa zingeweza kuzidharau kama vitu vya kuchezea, mpaka mwaka 1979 ilipotoka VisiCalc.

Hapa nisameheni nikichelewa kidogo, maana ni mambo ya kazi yangu. VisiCalc ilikuwa programu ya kwanza ya lahajedwali, yaani jedwali linalojikokotoa lenyewe ukibadilisha namba, kwa kompyuta ndogo. Bajeti, makadirio ya faida, "tukiongeza bei kwa asilimia tano itakuwaje", hesabu za namna hiyo zilikuwa mkate wa kampuni za kukodisha kompyuta. Sasa mtu alinunua mashine mara moja, akauliza swali hilo mara mia bila mita kusoma. Na kinachonichekesha ni kwamba Bob Frankston, mmoja wa waliyoibuni, aliiandika VisiCalc kwa kutumia kompyuta ya pamoja ya MIT, tena usiku, kwa sababu usiku bei ilikuwa nafuu.

Agosti 1981 IBM ikatoa kompyuta yake binafsi kwa bei ya kuanzia dola 1,565. Baada ya hapo meneja wa fedha hakuhitaji kushawishiwa.

Na intaneti? Tarehe hazikubali. Tymshare ilinunuliwa na McDonnell Douglas, watengenezaji wa ndege, mwaka 1984, wakati wavuti haijazaliwa.

Wala hawakuwa wamelala. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walichukua mfumo wa Douglas Engelbart, yule aliyebuni kipanya. Walikuwa na barua pepe, na huduma ya kuthibitisha kadi za benki. Walijenga hata mfumo uitwao GNOSIS, ili wateja wasioaminiana waweze kuuziana programu ndani ya mashine moja bila kuibiana. Hiyo si kazi ya wasinziao. Lakini hakuna ubunifu unaorudisha uhaba uliokwisha, na wao walikuwa wanauza uhaba. Tymnet ilinunuliwa na British Telecom, kampuni ya simu ya Uingereza, mwaka 1989, ikaendelea kufanya kazi mpaka miaka ya mwanzo ya karne hii.

Najua mwandishi wenu atanitajia CompuServe, kampuni nyingine ya kukodisha kompyuta, iliyoanza katika jimbo la Ohio mwaka 1969 ikiwa tanzu ya kampuni ya bima, nayo ikaishi. Ni kweli. Mwaka 1979 ilianza kuwauzia wenye kompyuta ndogo nyumbani zile saa za usiku zilizokuwa zikipotea. Lakini wale wateja wa usiku hawakufuata hesabu, maana kompyuta walikuwa nazo tayari. Walifuata habari, barua na watu wa kuzungumza nao, na CompuServe ikabadilika ikawa kampuni ya kuuza hayo. Ilipochukuliwa na AOL, kampuni ya huduma za intaneti, mwaka 1998, biashara ya kukodisha muda wa prosesa haikuwa tena iliyoipa jina.

Mhasibu mstaafu, msomaji wenu