Barua ya wazi kwa Waziri wa Mawasiliano: turuhusuni wenye nyumba za wageni tumsajilie mgeni laini

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano,

Assalamu alaykum. Mimi ni msimamizi wa nyumba ya wageni yenye vyumba tisa, Jambiani, Mkoa wa Kusini Unguja. Baada ya salamu, naomba uniazime dakika chache, kwa kuwa jambo ninalolileta ni dogo kwa sura, lakini kwetu sisi tunaopokea wageni mlangoni linatugusa kila siku.

Nianze na mgeni mmoja. Alikuwa mama wa Kijerumani, mwalimu mstaafu, aliyekuja peke yake kwa wiki mbili. Alipofika usiku alikuwa na laini mpya ndani ya simu, kauziwa njiani na kijana aliyemfuata hadi kwenye gari, dola ishirini. Asubuhi yake akaja mapokezi, akaniomba nimwangalizie bando limebaki kiasi gani. Nikamwangalizia, kisha kwa mazoea nikabonyeza *106# kutazama usajili. Likatoka jina la mwanamume, majina matatu kamili, mtu ambaye mimi na yeye hatumjui. Mama akauliza, “Huyu ni nani?” Nilikosa la kumjibu. Laini ilikwisha kusajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine kabla haijamfikia, naye hakuombwa paspoti wala kidole.

Siku ya tano laini ikafungwa. Ilifungwa akiwa Kizimkazi, alikokwenda kutazama pomboo, na dereva wake alikuwa amesogea kutafuta mafuta. Dereva akampigia hadi akachoka, simu haipatikani. Mama wa miaka sabini alikaa chini ya mkungu zaidi ya saa nzima, hajui amngoje au atafute usafiri mwingine, mpaka wavuvi wakamsaidia. Aliporudi hakugomba. Alisema tu kwamba laiti angejua, angenunua ile ya kwenye mtandao kabla hajaondoka kwao, kama walivyomshauri wenzake.

Mheshimiwa, hiyo “ya kwenye mtandao” ndiyo iliyonifanya niandike.

Wageni wengi wanaofika kwangu sasa wanakuja na eSIM, ile laini isiyo na kadi, waliyoinunua wakiwa sebuleni kwao. Wanalipa kwa kadi ya benki, kampuni iko Ulaya au Asia, wanapiga picha msimbo wa QR, kazi imekwisha. Siwalaumu hata kidogo. Mtu aliyesikia habari za laini za njiani atafanya nini tena? Wengine hata wangetaka laini ya kadi isingewafaa: simu za iPhone zinazouzwa Marekani, kuanzia iPhone 14 iliyotoka mwaka 2022, hazina tundu la kuingizia laini. Yule kijana na pakiti yake ya kadi hawezi kuwauzia chochote.

Mgeni huyo akitua, simu yake inashika minara ileile yetu, ya Vodacom, Airtel, Yas au Halotel. Lakini inaishika kama laini ya kigeni iliyo safarini. Kampuni ya hapa inapata bei ya jumla waliyokubaliana na wenzao wa nje, na faida ya rejareja inabaki hukohuko ilikolipwa. Mara nyingi data yenyewe husafirishwa kwanza hadi nchi ilikotoka laini, ndipo itokee kwenye intaneti. Nina mgeni ameketi barazani kwangu, anatafuta pa kula samaki Paje, simu inamletea matangazo kwa lugha ya nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Kurasa zinasuasua. Kisha anaandika kwamba intaneti ya Zanzibar ni nzito, na maneno yake yanasomwa na watu wanaopanga safari ya mwakani. Mnara uko nyuma ya skuli, ukiinua macho unauona.

Laini hizo nyingi ni za data tupu, hazina namba ya kupigiwa. Nahodha wa ngalawa hawezi kumpigia mgeni amwambie maji yameshakupwa, njoo tuondoke sasa. Akiugua njiani, zahanati haina namba ya kumpata. Utaniambia kuna WhatsApp. Ipo, lakini nahodha wangu ana kiswaswadu.

Wapo wanaosema hoteli ina waifai, mgeni ataka nini zaidi. Nyumba yetu imejengwa kwa mawe ya matumbawe, kuta pana kama mkono wangu hadi kiwikoni. Waifai inaanzia mapokezi na inakufa chumba cha nne. Umeme ukikatika inakufa hata mapokezi. Na hata ingekuwa nzuri kiasi gani, mgeni hakuja Zanzibar kukaa chumbani. Anakwenda Jozani kuwaona kima punju, anakwenda Mnemba, anapotea vichochoro vya Mji Mkongwe. Huko ndiko anakoihitaji ramani, na huko waifai yangu haifiki.

Ombi langu basi ni hili: nyumba za wageni na hoteli zilizosajiliwa ziruhusiwe kuwa mawakala wa laini kwa wageni wao, kadi na eSIM, kwa utaratibu mwepesi ambao hata mwenye vyumba vitano anaumudu. Mgeni anapojaza fomu ya kufikia, paspoti yake iko mezani mwangu. Naandika namba yake, nchi yake, siku aliyoingia na siku atakayotoka. Uhamiaji walishamchukua alama za vidole na picha uwanjani. Hakuna mtu mwingine nchini, nje ya Serikali, anayemjua mgeni huyo kwa uhakika kuliko aliyempa ufunguo wa chumba. Halafu huyohuyo ndiye asiye na ruhusa ya kumsajilia laini, na aliyemkuta barabarani ndiye anayemuuzia.

Nimejaribu kuuliza njia. Kila nilipokwenda nilielekezwa kwingine, na nadhani sababu ninaifahamu. Posta na simu ni jambo la Muungano. Utalii si jambo la Muungano. Leseni yangu ya kulaza wageni inatoka Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na laini ziko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Hoteli inayotaka kuuza bando imesimama katikati, mguu huku na mguu kule. Hakuna aliyekataa, Mheshimiwa, ila hakuna aliyeona kwamba ni lake. Ndiyo maana nimekuandikia wewe, ukae na mwenzako anayeshughulikia utalii upande wetu, mlizungumze mara moja.

Sitaficha kwamba nataka pia kipato. Masika yakiingia, Aprili na Mei, nyumba kama yetu inaweza kumaliza wiki bila mgeni, na watu sita wanaokula kwa mshahara wa nyumba hii hawali kwa msimu. Mitandao ya kuhifadhi vyumba inachukua asilimia 15 na zaidi ya kila chumba. Kilichobaki ndicho kinacholipa umeme, maji, kodi na mishahara. Kamisheni ya laini na bando kwa kila mgeni haitanitajirisha. Ingelipa sabuni ya shuka, pengine na mafuta ya jenereta, na kwa nyumba ya vyumba tisa hizo ni hesabu za kweli. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000 kutoka nje. Karibu wote walikuwa na simu mkononi. Wenyeji wao tumeponea nini katika matumizi yao ya intaneti?

Lakini ruhusa bila masharti siitaki, na hapa naomba unisikilize kuliko kwingine kote. Waliofanya kazi ya hoteli zamani wanaikumbuka simu ya chumbani. Mgeni alipiga dakika tatu kwao, siku ya kuondoka akakuta bili inakaribia bei ya kulala. Hoteli duniani kote zilikula kwa simu ile miaka mingi. Kisha simu za mkononi zikaja, wageni wakaiacha bila kuaga, na hata leo kuna watu hawataki kuigusa. Tukiachiwa tupange bei ya bando tupendavyo, wapo miongoni mwetu watakaoliuza mara tatu, wapo watakaolibandika kwenye bili bila kumuuliza mtu. Nawajua wenzangu. Najijua na mimi pia mwezi wa Mei.

Kwa hiyo bei iwe ileile ya dukani, ile anayolipa mwanangu akienda kununua bando kwa Mpemba wa pembeni, ibandikwe mapokezi kwa shilingi na kwa lugha mbili. Faida yetu itoke kwenye kamisheni ya kampuni ya simu, kama anavyoipata wakala yeyote, isitoke mfukoni mwa mgeni. Bando lisiwe lazima. Mgeni huyu ameshalipa viza, dola 50, au 100 kama ni Mmarekani. Tangu Oktoba 2024 analipa na bima ya Zanzibar dola 44. Ananiuliza usoni kwangu kama kuna malipo mengine yamebaki, na mimi ndiye ninayejibu. Nakusihi jambo hili lisije likageuzwa tozo. Mgeni atakayetaka kuja na eSIM ya kwao aje nayo.

Najua wasaidizi wako watataja usalama, na wana haki. Nchi hii ilisajili upya laini zote kwa alama za vidole kuanzia Mei 2019 kwa sababu tulikuwa tumechoshwa na matapeli wa simu. Kila Mtanzania ameshapokea ule ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Mama yangu mzazi alikaribia kutuma. Sitaki mlango ule ufunguliwe tena kupitia hoteli. Lakini tazama palipo na tundu leo. Laini yenye jina la mtu asiyejulikana, ikiwa mkononi mwa mgeni asiyeandikwa popote, mgeni akishapanda ndege laini ile inakwenda wapi? Wengine wanaiacha mezani chumbani pamoja na chenji. Ninazo kwenye droo, nimezikata kwa mkasi.

Laini ya mgeni iliyosajiliwa kwa paspoti yake mwenyewe inaweza kuwekewa siku ya kufa, siku viza inapokwisha. Wakala wa hoteli anaweza kulazimishwa ajitambulishe kwa kidole chake kila anaposajili, ili ikitokea hila ajulikane ni nani aliyeketi mapokezi usiku ule. Hoteli ina anwani, ina leseni, ina jengo lisilohamishika. Ukinitafuta kesho utanikuta. Na kwa kuwa tutashika taarifa za watu, tubanwe na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 bila kuonewa haya. Kusema kweli kuna mapokezi ambako nakala za paspoti zimerundikwa kwenye boksi la maji chini ya meza. Wa namna hiyo wasipewe uwakala mpaka wajirekebishe.

Jambo la mwisho ni kwa makampuni ya simu, ambayo yanakusikiliza wewe zaidi kuliko sisi. Baadhi yao wanazo eSIM tayari, lakini mara nyingi mgeni anatakiwa aende dukani kwao. Duka liko mjini. Kutoka Jambiani hadi mjini ni mwendo wa zaidi ya saa moja, na mgeni wa siku nne hatoi nusu siku yake kwa ajili ya laini. Watengeneze bando la mgeni la siku saba, kumi na nne na thelathini, lenye namba ya kupigiwa na dakika kidogo za kupiga hapa nchini, lisajiliwe kwenye meza yangu. Waanze hata na vijiji vitatu, Nungwi, Paje na Jambiani, miezi sita, chini ya macho ya Mamlaka. Wakiona tumeharibu, watunyang'anye.

Yule mama wa Kijerumani ameniandikia mwezi uliopita. Anarudi Julai, safari hii na dada yake, na ameuliza kama bado laini zinauzwa vilevile. Sijamjibu. Wageni wa msimu wataanza kuingia Juni, na ningependa niwe na jibu la kumpa kabla ya hapo. Hata likiwa hapana, naomba liwe hapana lenye sababu zake, lililoandikwa, ili na sisi huku tujue mlango upo wapi.

Wako mtiifu,

Msimamizi wa nyumba ya wageni,
Jambiani, Kusini Unguja