Kikao cha Jumamosi: watoto na simu

Wazazi wenzangu, habari za jioni. Tunakutana Jumamosi saa 3:00 asubuhi, darasa la nne pale shuleni. Tutafundishwa kuweka Family Link, programu ya Google ya wazazi, ili upange muda wa mtoto kwenye simu na uzuie programu zisizomfaa.

1. Njoo na simu yako na ya mtoto, zote zina chaji.
2. Kumbuka nywila ya akaunti yako ya Google. Bila hiyo tutakwama.
3. Chai ni shilingi 2,000, kwa mweka hazina.

Wenye watoto wa miaka 2 hadi 4 msikose, tafadhali. Shirika la Afya Duniani linashauri wasizidi saa 1 ya skrini kwa siku, na wengi wanalala na simu mkononi.

Andika "Nakuja" hapa kabla ya Alhamisi usiku.