Babu aliyevuta sigara

Mhariri,

Ubaya wa tumbaku ukitajwa kijiweni, hakosi wa kusema: "Mbona babu yangu alivuta na akafika miaka 90?" Kweli, ila waliokufa mapema hawapo kijiweni kujibu. Mwaka 1951, watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kufuatilia madaktari wa Uingereza, wanaume zaidi ya 34,000. Matokeo ya miaka 50 yalionyesha kwamba walioendelea kuvuta walikufa wastani wa miaka 10 kabla ya wasiovuta kabisa. Wastani! Babu mmoja hauvunji; watu kama yeye wamo ndani ya hesabu. Kinachoniudhi zaidi ni hili: "Daktari mwenyewe anavuta." Anavuta, ndiyo, na alichosema kuhusu mapafu kinabaki vilevile.

Msomaji,
Tanga